Hodi ya Handaki la Sita

Mashine mpya ya kugawa anwani za mtandao iliwashwa Itambalila siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, na kabla haijamaliza hata dakika moja kazini ikaleta neno la mtu ambaye mji mzima ulikwisha kumlilia na kumnyamazia.

Subilaga alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Kazi ya siku hiyo haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Mashine ya zamani, iliyogawa anwani kwa miaka kumi na minne, ilikuwa izimwe saa sita mchana. Mpya ichukue nafasi yake, na yeye, mgawaji wa anwani wa mji, ahakikishe vibao vyote mia nane na kumi na tatu, kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo ya mji, vimehama salama. Mpaka saa sita mashine hizo mbili zingekaa pamoja, ya zamani ikifanya kazi na mpya ikitazama tu. Basi ikawa inatazama. Ile ya zamani ilikuwa na adabu ya kutoonyesha isichoulizwa, lakini hii ilikuja na umbea wake. Kila kilichopita kwenye waya ilikiandika kiooni kwa herufi kubwa.

Mstari wa kwanza ulisema kuna kibao kinabisha hodi.

Mafundi wa mtandao wa Itambalila hawana neno jingine kwa jambo hilo. Kibao kipya, au kilichozimika kikasahau kila kitu, hakina anwani, na kisicho na anwani hakiwezi kupewa kazi wala kuzungumza na yeyote. Swichi za mlimani, zinazounganisha waya zote, hazipitishi neno lake. Zinachokiruhusu ni kitu kimoja tu, kipaze sauti kwenye waya wa Ethaneti, kwa wote wanaosikia: nipo, namba yangu ya kuzaliwa ni hii, jina langu ni hili, nani atanipa anwani? Hiyo ndiyo hodi. Mashine ya kugawa ikikikuta kibao katika daftari lake hukijibu karibu na kukipa anwani, na kuanzia hapo kibao huwa chochote mji unachotaka kiwe. Vibao vile havikuundwa kwa kazi moja. Asubuhi unakituma kiendeshe pampu ya mvuke, mchana unakifuta na kukipanga upya kiwe sikio la kusikiliza mlima, na kesho yake ndicho kinachofungua madirisha ya nyumba za miche. Ila yote hayo huanza na karibu.

Hodi ya kawaida ni tatu. Kibao kikibisha mara tatu bila jibu hunyamaza, kikangoja fundi aje akibonyeze, kama mgeni yeyote aliyefunzwa kwao. Hiki kwenye kioo kilikuwa kimeshabisha mara nne katika nusu saa tangu mashine iwashwe, na hakikuonyesha dalili ya kuchoka.

Subilaga alisogea. Namba ya kuzaliwa ina alama kumi na mbili, zimechomwa kiwandani na haziondoki mpaka kibao kife. Hakuhitaji kuzisoma zote. Nne za mwisho zilimtosha, maana aliwahi kuzijua kuliko namba ya kitambulisho chake mwenyewe. Kilikuwa kibao cha handaki la sita, kilichotunzwa na Ambwene, mume wake, ambaye pamoja na wenzake wanne alifukiwa humo miaka mitatu iliyopita.

Kisha akasoma jina lililoletwa na hodi ile: subi-usiwaambie-ni-siku-ngapi.

Ulimwengu mzima hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita Subi. Aliweka kikombe cha chai juu ya mashine, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine kwa kulifanya, akavuta kiti, akakaa.

*

Ili mtu aelewe kilichomkalisha, lazima kwanza aelewe huruma ya watu wa Itambalila, ambayo ndiyo iliyosababisha yote.

Katika mwaka wa kwanza wa kituo cha mvuke, fundi mmoja wa handaki la pili alifariki kwa homa. Kibao chake kiliendelea kufanya kazi, na kwa kuwa kila kibao huandikwa kwa jina la mtunzaji, kioo cha ukutani nyumbani kwake kiliendelea kuonyesha jina lake na neno hai pembeni. Mkewe alikiona akiwa anasonga ugali, akaanguka chini. Tangu siku hiyo mji ukajiwekea desturi. Siku ya kuanua matanga, mgawaji wa anwani huitoa namba ya kibao cha marehemu katika daftari. Waliita kupumzisha namba. Baadaye kibao hupewa mtunzaji mwingine na kuandikwa upya kwa heshima, na pilau huliwa. Hakuna mji mwingine unaofanya hivyo, na mafundi wa miji mingine wakisikia hucheka.

Handaki la sita liliporomoka siku ya Jumatatu. Kipimajoto cha mwisho kilichosikika upande wa ndani kilisoma nyuzi mia moja na arobaini, kisha kikakatika. Wahandisi walikaa siku tatu na mahesabu yao, wakatoka wakasema hakuna kiumbe anayeweza kuishi humo. Siku ya nne vikazikwa vigogo vitano vya migomba vilivyovishwa sanda, kwa kuwa hakukuwa na miili, na jioni yake matanga yakaanuliwa. Subilaga aliombwa amwachie fundi mwingine kazi ya kupumzisha namba. Alikataa. Hakutaka mkono wa mtu baki umguse Ambwene. Akaenda ofisini na nguo zake nyeusi, akaitoa namba kwenye daftari mwenyewe, akarudi nyumbani akiamini amemfanyia mumewe jambo la mwisho la upendo.

Mashine ya zamani haikujibu hodi za kibao kisichokuwa daftarini, na haikumsumbua mtu kwa habari hiyo. Iliziandika tu katika faili ambalo hakuna aliyelifungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Subilaga alilifungua sasa.

Hodi ya kwanza ya handaki la sita ilikuwa imeandikwa siku ya tano, asubuhi, saa tatu na dakika arobaini. Zilikuwa zimepita saa kumi na tano tangu aitoe namba.

Jina lililokuja nayo lilikuwa kibao-6-tupo-watano.

Alielewa yote kwa mpigo, kama fundi anavyoelewa, kabla mke hajapata nafasi ya kuelewa. Kibao kilikuwa kimezimika siku ya maporomoko. Walichukua siku nne kukipatia umeme, pengine kwa sahani ya joto, ile inayogeuza joto kuwa umeme, iliyotolewa kwenye pampu, iliyowekwa juu ya mwamba wa moto. Waya, uliolala ndani ya bomba la chuma sakafuni, ulikuwa umenusurika. Kibao kiliamka bila kukumbuka chochote, kikabisha hodi mara tatu, kikanyamaza. Ambwene akakipanga upya kibishe kila baada ya dakika kumi. Na kwa kuwa hodi haibebi ila namba na jina, na namba haibadiliki, akatumia jina. Herufi thelathini na mbili, ndogo, bila nafasi, na vistari katikati. Hiyo ndiyo barua pekee aliyoruhusiwa kuandika.

Aliandika tupo-watano-maji-yapo. Aliandika hewa-inatosha-chimbeni-kaskazini, na jina hilo likarudiwa siku mbili nzima, na Subilaga aliisoma yote, mistari karibu mia tatu iliyofanana, bila kuruka hata mmoja. Siku ya tisa aliandika tupo-wanne. Siku ya kumi, mbona-hamjibu.

Kisha, subi-ni-mimi-nijibu.

Hapo Subilaga alisimama akaenda dirishani, akarudi. Mlima ulikuwa palepale, mvuke ukitoka mabombani, na chini bondeni nyumba za miche ziking'aa kwa jua la asubuhi. Alijiambia asome mpaka mwisho, maana yeye ndiye aliyeandikiwa.

Siku ya kumi na moja Ambwene alikuwa ameshakokotoa. Alikuwa fundi wa Itambalila, anazijua desturi za kwao, na humo gizani alikuwa na muda mwingi wa kufikiri kwa nini mkewe, ambaye hajawahi kuacha hodi hata moja bila jibu, haitikii. Akaandika subi-umenipumzisha. Hakuweka alama ya kuuliza, kwani jina la kibao haliruhusu alama hiyo, na Subilaga hangejua kamwe kama lilikuwa swali au lawama. Alitamani aisikie sauti yake katika hilo neno moja tu. Angejua.

Baada ya hapo yalikuwa machache. Tupo-watatu. Tupo-wawili. Siku ya kumi na nane, lusekelo-ametangulia, yule kijana aliyekuwa akimfundisha kazi. Siku ya kumi na tisa likaja lile la asubuhi hii, na halikubadilika tena. Mtu alikuwa amekwisha, ila kibao hakikujua. Kiliendelea kubisha kila dakika kumi, mchana na usiku, kwa miaka mitatu, hodi zaidi ya laki moja na nusu, na muda wote huo yeye alikuwa amekaa mita chache kutoka kwenye mashine iliyokuwa inaziandika, akila chakula chake cha mchana, akipokea simu, akimkumbuka Ambwene.

*

Mhandisi Mwasilembo alikuja saa tatu na nusu kuona mashine yake mpya. Alikuwa amevaa tai kwa heshima ya siku hiyo, tai yenye rangi ambazo mkewe pengine alijaribu kumshauri aziache. Subilaga aliinuka. Alimgeuzia kioo.

Mwasilembo alisoma faili lote akiwa amesimama, na alipofika mwisho akaivua tai, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba tano siku ile ya tatu. Kila nyumba alisema maneno yaleyale, kwamba ilikuwa sekunde moja, hawakuteseka, hawakujua hata kilichowapata. Aliyaamini alipoyasema. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo, ingawa ilionekana wazi kwamba ameshaanza kujilaumu.

Kisha alieleza hali ilivyo, polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Saa sita mashine ya zamani itazimwa na kumbukumbu yake itafutwa, ndivyo taratibu zinavyotaka. Faili litaondoka nalo. Namba ya handaki la sita anaweza kuifungia kwenye mashine mpya, hodi zake zisionekane tena. Watu wamepona. Mke wa Gwamaka, mmoja wa wale watano, ameolewa tena, ana mtoto. Mama Lusekelo analala usingizi. Au Subilaga anaweza kuirudisha namba daftarini, kibao kipate anwani yake. Lakini mashine hii mpya hutangaza kila kibao kinachoingia, jina lake likaandikwa kwenye kioo cha kila nyumba, na jina hulileta kibao chenyewe. Mgawaji hana ruhusa ya kulibadili. Ruhusa hiyo iliondolewa tangu mtu mmoja aliposajili pampu yake kwa jina la pampu ya hospitali.

Kwa hiyo akimjibu Ambwene, mji mzima utasoma ombi lenyewe na kujua kwamba zilikuwepo siku za kuhesabu, jambo ambalo Ambwene alimwomba asiwaambie.

"Mwenyewe amekuomba, dada Subilaga," Mwasilembo alisema. "Si mimi. Ni yeye."

"Ameniomba nisiseme," alijibu Subilaga. "Lakini pia amebisha hodi. Nikitii moja naivunja nyingine."

Mwasilembo alifikiri, akakubali kwamba ni kweli. Alisema hatamzuia wala hatamsaidia, kwani hajioni kuwa na haki ya lolote kati ya hayo mawili. Atarudi saa sita kasoro robo kuizima ile ya zamani. Akaenda zake.

Hodi nyingine ikaingia. Subilaga alikitazama kitufe cha daftari, akaona kidole chake kimeshakifikia. Alitaka kumjibu. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na ndiyo maana hakujiamini. Alijiuliza kama anataka kwa ajili ya haki ya watu wanne waliokufa na ndugu zao, au kwa ajili ya mwanamke mmoja anayetaka, japo mara moja, kumwambia mumewe karibu. Akachukua kanga yake, akateremka bondeni.

*

Mama Lusekelo alikuwa katika nyumba ya tatu ya miche, anajaza udongo kwenye viriba vya kahawa. Joto la mvuke lilipita chini ya meza, na harufu ya udongo wenye unyevu ilijaa. Subilaga alimwamkia, akaitikiwa, akasogezewa kreti la kukalia na kupewa kiazi cha kuchemsha kabla hajaulizwa alichofuata, maana mama huyo hakuwahi kuzungumza na mtu mwenye njaa.

Alikuwa amekuja kutazama tu. Hivyo ndivyo alivyojidanganya njiani. Amtazame mama wa kijana mdogo kuliko wote waliofukiwa, aone amani yake ina uzito gani, kisha apande mlima akaamue. Amani ilikuwepo. Kwa miaka mitatu kila aliyempa pole mama huyo alijibiwa kwa maneno ya Mwasilembo, sekunde moja tu, mwanangu, hakuteseka, na wengi waliokwenda kumfariji walirudi wamefarijiwa wao. Aliongea sasa juu ya miche, juu ya ukungu uliochelewa, juu ya jirani aliyenunua mbuzi asiyetulia. Subilaga aliitikia, na kiazi kilikaa mkononi bila kuumwa.

"Una neno," mama alisema hatimaye, bila kuacha kujaza kiriba.

Subilaga akasema kwamba kibao cha handaki la sita kinabisha hodi. Kwamba mashine mpya imekiona leo. Alipanga aishie hapo, na maneno aliyoyasema yalikuwa ya kweli yote, na hayakuwa yamemwambia mtu kitu.

Mama Lusekelo alikiweka kiriba kwenye safu yake, akachukua kingine. Alikijaza nusu.

"Alikufa siku ileile?"

Ilitosha kusema ndiyo. Neno fupi, na Ambwene mwenyewe alikuwa amemwomba, kwa herufi za mwisho alizokuwa nazo duniani. Subilaga alilitafuta kinywani likawa tayari kabisa. Akafikiria kwamba atalisema leo, na kesho akikutana na mama huyu sokoni atalisema tena, na keshokutwa, na kila mara atakuwa yeye anayemfungia mlango mtu anayeuliza. Alikuwa ameshafunga mlango mmoja kwa huruma. Hakuwa na nguvu ya kufunga wa pili.

"Hapana, mama."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nane."

Mikono ya Mama Lusekelo ilizama kwenye karai la udongo mpaka kwenye vifundo, ikatulia humo. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililotisha.

"Mimi nilikuwa mdomoni pa handaki siku ya tatu. Nikawaambia nasikia kitu. Mkasema ni mlima. Wewe na Mhandisi mkanishika mikono, huku na huku, mkaniondoa."

"Ndiyo, mama."

"Sikusema uongo."

"Hukusema uongo. Na namba niliifuta mimi, siku ya nne. Wangejibiwa siku ya tano kama nisingeifuta. Walikuwa hai wote watano."

Alilisema, likawa limesemwa. Alikaa akingoja apigwe, au afukuzwe, au mama apige yowe watu waje. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, na sehemu moja ya moyo wake ilitamani. Mama Lusekelo alitoa mikono kwenye udongo, akaifuta kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Ulipoifuta nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale nje," alisema. "Ulipotoka nilikushukuru. Unakumbuka? Mimi nilikushukuru kwa mdomo wangu huu." Akakivuta kile kiriba cha nusu. "Alikuwa na nani? Mwishoni."

Subilaga akamweleza. Walikuwa wawili, Lusekelo na Ambwene. Siku ya kumi na nane Lusekelo akatangulia, na Ambwene akaandika hivyo, kwa jina lake, vizuri. Halafu siku ya kumi na tisa akaandika ombi lake, na hapo maandishi yakaisha.

Mama alisikiliza akiwa amekunja uso, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayepanga mambo mahali pake. Alipomaliza kuyapanga alimtazama Subilaga kwa mara ya kwanza tangu waanze.

"Basi wangu alifumbwa macho na mtu. Wako nani alimfumba?"

Subilaga hakuwa amefika hapo. Asubuhi yote alikuwa amehesabu siku, saa, hodi, makosa. Alimhesabu kila aliyekufa na kila aliyeachwa. Hakuwa amemwona Ambwene siku ya kumi na tisa, peke yake na maiti ya kijana aliyekuwa akimfundisha kazi, akiwa na herufi thelathini na mbili za kuagia, akazitumia kuwahurumia wengine. Kiazi kilimdondoka. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa mazikoni, akiwa ameshika ukingo wa meza, na Mama Lusekelo alizunguka meza akakaa karibu naye, akamshika kichwa kwa mikono yenye udongo, akalia naye. Alimlilia Ambwene. Alimwita mwanangu.

Baada ya hapo Subilaga alimweleza kwamba atakijibu kibao kabla ya saa sita, na jina lake litaandikwa kwenye kioo cha kila nyumba. Mama alisimama, akafunga kitenge upya, akauliza saa ngapi. Alipoambiwa inakaribia saa tano alisema nyumba tatu zilizobaki atakwenda mwenyewe kwa miguu yake, kwa kuwa habari kama hiyo haifai mtu aikute kiooni. Subilaga alimkumbusha ombi la Ambwene, asiwaambie.

"Alikuomba wewe," mama alisema. "Mimi hakuniomba."

*

Saa sita kasoro robo ofisi ndogo ya anwani ilikuwa imejaa. Walikuja wazazi wa wawili kati ya wale watano, wazee, wamesimama wakiwa wameshikana. Mke wa Gwamaka alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alipoambiwa alikuwa amesema afadhali asingejua, na Mama Lusekelo hakubishana naye, akamwambia tu kwamba mlango uko wazi akitaka kuja. Mwasilembo alisimama pembeni mwa mashine ya zamani bila tai, na hakuna aliyemsemesha, na hakutaka kusemeshwa. Faili alikuwa amelinakili. Hakumwambia mtu, alilinakili tu, akaliweka mezani mbele ya Subilaga.

Hodi iliingia. Subilaga aliandika namba ya kuzaliwa katika daftari la mashine mpya, alama zote kumi na mbili, bila kutazama popote. Mahali pa mtunzaji aliandika majina matano. Akabonyeza.

Mashine ikajibu karibu, ikatoa anwani. Kilichofuata ni jambo ambalo kila kibao hufanya, na Subilaga aliwaeleza wale wazee kwa sauti ya chini ili wasione kimya wakadhani kimekufa. Kibao kikipewa anwani hakiichukui mara moja. Kwanza huuliza kwenye waya kama kuna mwingine anayeitumia, kisije kikamnyang'anya mtu mahali pake, na kisiposikia sauti ndipo kinaingia. Kiliuliza mara tatu. Hakuna aliyejibu, na safari hii kimya ndicho kilichokuwa ruhusa. Kikaingia.

Kwenye kioo, na katika kila nyumba ya Itambalila, likaandikwa jina la kibao cha handaki la sita. Watu walilisoma. Mzee mmoja alilisoma kwa sauti, taratibu, kisha akasema, "Kijana wa watu." Mke wa Gwamaka alikuwa ameingia ndani. Alimgeuza mtoto kifuani, akaanza kumbembeleza ingawa hakuwa analia.

"Kinasema nini sasa?" aliuliza Mama Lusekelo.

"Kimenyamaza, mama. Kimeshapata."

Walikaa kidogo, kisha mmoja mmoja wakaaga, kwa sababu kulikuwa na watu wengine wa kuwaendea na vyungu vya kuteleka jikoni. Mwasilembo aliizima mashine ya zamani kwa mkono wake. Feni yake ilipungua mwendo, ikasimama.

Subilaga alibaki. Sasa Ambwene alikuwa na anwani, na mkewe angeweza kumtumia chochote, kirefu anavyotaka, na nafasi kati ya maneno. Aliweka vidole juu ya herufi. Dakika kumi zikapita, kisha nyingine kumi, bila kitu kuingia kutoka handaki la sita, na ndipo alipojikuta anasikiliza, mwili wote, akiomba kibishe tena.